Tarehe iliyoangusha hisa: jinsi injini za utafutaji zilivyojifunza umri wa ukurasa

Msomaji, hebu tuanze na jambo ambalo pengine limeshakukuta. Unatafuta kwenye simu tarehe ya mwisho ya kuomba mkopo wa masomo. Unaandika maneno matatu manne, unabonyeza, na jibu la kwanza linasema mwisho ni tarehe 31 Agosti. Unashusha pumzi: kumbe muda bado upo! Unaendelea na shughuli zako. Baada ya wiki unakuja kugundua kuwa ukurasa ule ulikuwa wa mwaka juzi, na dirisha la mwaka huu lilishafungwa zamani.

Sasa nani alikudanganya? Ukurasa haukudanganya, maana siku ulipoandikwa ulisema kweli tupu. Injini ya utafutaji nayo haikudanganya. Ilikuletea ukurasa ambao watu wengi wameutembelea na tovuti nyingi zimeuelekeza. Kila mmoja alifanya kazi yake vizuri, lakini mkopo umekosa wewe.

Kosa la namna hiyo lina historia, na kuna siku moja lilipoteza mali ya zaidi ya dola bilioni 1 ndani ya dakika chache. Nitakusimulia siku hiyo. Ila kwanza tujibu swali ambalo wenye tovuti na wasomaji huulizana kila siku: tarehe ya kuchapishwa inaupandisha ukurasa au inaushusha? Wengi hudhani jibu ni jepesi, yaani kipya hupanda na cha zamani hushuka. Ukifuata historia yenyewe utaona kwamba sivyo.

Zamani, ukongwe ulikuwa mtaji

Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walianzisha kampuni ya Google. Wazo lao kubwa liliitwa PageRank, na halina uchawi wowote. Kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kihesabiwe kama kura. Ukurasa wenye kura nyingi, hasa kura za kurasa ambazo nazo zina kura nyingi, upande juu.

Fikiria maana yake kwa umri. Ukurasa ulioandikwa leo asubuhi una kura ngapi? Hauna hata moja. Hakuna aliyeuona, basi hakuna aliyeuelekeza. Ukurasa ulioandikwa miaka mitano iliyopita umekuwa ukikusanya viungo taratibu, kama mzee wa mtaa anayejulikana na kila mtu. Kwa hiyo kanuni hii, bila hata kuitazama tarehe, iliwapendelea wakongwe. Haikuwa nia ya waliobuni. Ndivyo hesabu ilivyojipanga yenyewe.

Kwa mambo mengi upendeleo huo haukuwa na ubaya. Ukiuliza jinsi moyo unavyosukuma damu au kanuni ya Pythagoras inasemaje, maelezo mazuri ya miaka kumi iliyopita yanaweza kuyashinda maelezo mabovu ya jana. Ukongwe ulikuwa kama mtihani: ukurasa uliodumu na bado unaelekezwa na watu, huenda una kitu ndani yake.

Kulikuwa na jambo la pili. Injini ya utafutaji haitafuti kwenye intaneti nzima pale unapobonyeza. Inatafuta kwenye faharasa yake, yaani nakala ya kurasa ambazo roboti zake zilishazipitia na kuziweka kwenye hifadhi. Miaka ile faharasa ya Google ilikuwa ikijengwa upya mara moja kwa mwezi hivi. Maana yake ulichokuwa ukikitazama ni picha ya intaneti ya wiki kadhaa zilizopita. Watu wengi hawakulijua hilo, na kwa siku za kawaida halikuwadhuru.

Siku ambayo faharasa ilikuwa imelala

Halafu ikaja tarehe 11 Septemba 2001. Ndege ziligonga majengo ya World Trade Center mjini New York, na watu duniani kote wakakimbilia intaneti kuuliza kumetokea nini. Walioandika jina la majengo yale kwenye Google hawakupata habari ya shambulio. Wangeipataje? Faharasa ilijengwa kabla. Kwa mashine, yale yalikuwa majengo marefu yenye ofisi na watalii.

Tovuti za magazeti na televisheni nazo zilizidiwa na wingi wa watu zikawa hazifunguki. Google ikafanya jambo ambalo leo lingekushangaza: iliwaambia watumiaji wake kwamba habari za sasa hivi watazipata vizuri zaidi kwenye televisheni na redio. Kisha ikaweka kwenye ukurasa wake nakala za habari kutoka vyombo vichache, ili walioshindwa kufungua tovuti zenyewe wapate pa kusoma.

Mmoja wa wahandisi wa kampuni hiyo, Krishna Bharat, mzaliwa wa India, alianza kutengeneza mfumo wa kukusanya habari za vyombo mbalimbali na kuzipanga kwa mada, ili tukio moja lionekane kwa pamoja kutoka pande tofauti. Septemba 2002 mfumo huo ulifunguliwa kwa umma kwa jina la Google News, ukisoma vyanzo kama 4,000. Hapo ndipo tarehe ilipoanza kuwa na uzito wa kweli. Katika habari, ukurasa wa saa moja iliyopita na ukurasa wa mwezi uliopita haviwekwi kwenye kapu moja.

Lakini kabla ya kupanga kurasa kwa umri, lazima kwanza uujue umri wenyewe. Na hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu.

Ukurasa mmoja, tarehe tatu

Kitabu cha karatasi kina mwaka wa kuchapwa kwenye kurasa zake za mwanzo, na mwaka huo haubadiliki hata ukikiweka kabatini karne nzima. Ukurasa wa intaneti si hivyo. Una angalau tarehe tatu.

Ya kwanza ni ile anayoiandika mwandishi: "Imechapishwa tarehe fulani." Hii ni kauli ya mwandishi. Anaweza kuiandika, kuikosea, kuisahau au kuibadilisha.

Ya pili hutolewa na seva, yaani kompyuta inayoutunza ukurasa. Tangu kanuni za mawasiliano ya wavuti za mwaka 1996, seva inaweza kutaja ni lini faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Ingekuwa safi sana, ila kurasa nyingi hazikai kama mafaili. Hutengenezwa palepale unapoziomba: habari inachukuliwa hapa, matangazo pale, hali ya hewa kule, vinaunganishwa, unaletewa. Kwa seva ya namna hiyo, ukurasa wa mwaka 1999 unaweza kuwa "umebadilishwa" sekunde hii hii.

Ya tatu ni siku ambayo roboti ya injini iliuona ukurasa kwa mara ya kwanza. Hii angalau ni shahidi wa injini yenyewe. Lakini kuuona kwa mara ya kwanza si sawa na kuzaliwa. Ukikutana na mzee wa miaka 80 leo kwa mara ya kwanza, huwezi kusema kazaliwa leo!

Mwishoni mwa mwaka 2003 wahandisi wa Google waliomba hataza kuhusu kutumia historia ya ukurasa katika kuupanga. Maombi hayo yalipochapishwa Machi 2005 wenye tovuti waliyasoma kama wanafunzi wanavyosoma mtihani uliovuja. Tuwe waangalifu hapa: hataza inaeleza kinachoweza kufanywa, si ushahidi kwamba kila kilichoandikwa kilitumika. Hata hivyo inatuonyesha jinsi wahandisi walivyokuwa wakifikiri.

Walitoa mfano huu. Ukurasa uliozaliwa jana na tayari una viungo 10, na ukurasa wa miaka 10 wenye viungo 100: upi una uzito? Kwa idadi, wa pili. Kwa kasi ya kuvipata, wa kwanza, maana amekusanya kura 10 kwa siku moja. Hapo upendeleo kwa wakongwe ulipata dawa yake. Lakini hataza hiyohiyo inakiri kuwa kwa baadhi ya maswali, ukurasa wa zamani unaweza kufaa kuliko mpya.

Kuna sehemu nyingine ambayo naomba uikumbuke, maana tutairudia. Wahandisi waliandika kwamba wakati wa kupima kama ukurasa umebadilika, mabadiliko ya vitu kama matangazo, vitufe vya kurambaza na alama za tarehe na saa yanaweza kupewa uzito mdogo au kupuuzwa kabisa. Yaani mwaka 2003 walishajua kuwa kuna watu watabadilisha tarehe tu na kuacha mengine yote kama yalivyo.

Miaka minne baadaye, mwaka 2007, mhandisi Amit Singhal alieleza hadharani jinsi Google ilivyokuwa ikijaribu kutambua swali gani linahitaji habari mpya. Mfumo hautazami ukurasa peke yake, unatazama dunia. Je, tovuti za habari zimeanza ghafla kuandika sana kuhusu mada hii? Je, watu wameanza ghafla kuiuliza? Umeme ukikatika kwenye jiji kubwa, maswali huja ndani ya sekunde chache, na makala za kwanza hufuata baada ya dakika. Moto wa namna hiyo ukionekana, kurasa mpya hupandishwa. Ukizimika, wakongwe hurudi mahali pao.

Kwa hiyo kufikia mwaka 2007 mashine ilikuwa na mbinu nzuri za kuamua *lini* upya una maana. Tatizo lililobaki ni lile la tarehe tatu: je, inajua kweli *kipi* ni kipya?

Jumatatu moja ya Septemba 2008

Turudi nyuma kidogo ili hadithi ikae sawa. Tarehe 9 Desemba 2002 kampuni ya UAL, mama wa shirika la ndege la United la Marekani, ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika dhidi ya wadai wake. Siku iliyofuata gazeti la Chicago Tribune liliandika habari hiyo. Ilikuwa kweli. Shirika likajipanga upya, na Februari 2006 likatoka kwenye kinga hiyo. Mambo yakaisha.

Ila habari haikuisha. Nakala yake ilikaa kwenye hifadhi ya tovuti ya South Florida Sun-Sentinel, gazeti lililokuwa chini ya mmiliki mmoja na Chicago Tribune.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 7 Septemba 2008, mtu mmoja huko duniani aliifungua nakala hiyo. Kwa maelezo ya kampuni ya Tribune, ilikuwa saa ya usiku ambapo wasomaji ni wachache mno, hata kusomwa mara moja tu kulitosha kuiingiza habari kwenye orodha ya habari za biashara zinazosomwa zaidi. Kiungo kikatokea kwenye ukurasa.

Saa 7 na dakika 36 za usiku huo, kwa saa za Florida, roboti ya Google ilipita. Ikakuta kiungo ambacho haikukiona ilipopita mara iliyotangulia. Ikakifuata. Ikakuta habari kuhusu United kuomba kinga ya kufilisika. Ni ya lini? Kwa mujibu wa Google, ukurasa haukuwa na tarehe ya mwaka 2002 mahali popote pa kueleweka. Kilichokuwepo juu ya ukurasa ni tarehe ya siku ile, 7 Septemba 2008, ile ambayo tovuti nyingi huiweka pale juu kama kalenda ya ukutani.

Mashine ikafanya hesabu yake. Kiungo kipya, tovuti ya habari, tarehe ya leo: basi hii ni habari ya leo. Ndani ya dakika kama tatu ikawa inapatikana kwenye Google News.

Jumapili ikapita kimya. Jumatatu asubuhi, mfanyakazi wa kampuni ndogo ya utafiti wa uwekezaji huko Florida alikuwa akitafuta habari za kampuni zinazofilisika. Akaiona. Akaweka muhtasari wake kwenye mfumo wa Bloomberg, ambao mawakala wa hisa huutazama muda wote wa kazi. Ilikuwa saa 5 hivi za asubuhi kwa saa za New York.

Hisa ya UAL ilikuwa imefunga Ijumaa kwa dola 12.30 hivi. Ndani ya dakika chache ikaporomoka hadi dola 3. Soko la Nasdaq likasimamisha biashara ya hisa hiyo. United ikatangaza kuwa habari ni ya zamani na kwamba hakuna kufilisika kokote. Biashara ikafunguliwa tena, bei ikapanda, na siku ikaisha kwa dola 10.92, karibu asilimia 11 chini ya Ijumaa.

Unaweza kujiuliza, watu wazima na akili zao waliaminije? Kumbuka mwaka wenyewe. Julai 2008 mafuta yalikuwa yamefika dola 147 kwa pipa, na mashirika ya ndege yalikuwa yakilia. Wiki moja baada ya kisa hiki benki ya Lehman Brothers ilianguka kweli. Habari ya uongo inayofanana na hofu ya watu haihitaji ushahidi mwingi. Isitoshe, kuuza hisa ni mchezo wa mbio. Anayesimama kuhakiki anaumia kama habari ni kweli, na siku hizi baadhi ya wanaouza ni programu za kompyuta zisizosimama kabisa.

Lawama zilirushwa huku na huku. Tribune ilisema mtu yeyote akiisoma habari yenyewe angeona inazungumzia mambo ya 2002, na kwamba miezi kabla iliiomba Google isipitishe roboti hiyo kwenye magazeti yake. Google ilikanusha madai hayo, ikasema kosa lilikuwa ukurasa kutokuwa na tarehe sahihi.

Kwangu mimi, somo kubwa lilikuja baadaye. Wachumi watatu, Carlos Carvalho, Nicholas Klagge na Emanuel Moench, walichunguza bei ya hisa ile na kukuta kwamba ilibaki chini kuliko ilivyotarajiwa kwa siku kadhaa, ingawa kila mtu alishajua habari ni ya miaka sita iliyopita. Yaani kusahihisha tarehe hakukufuta kilichofanywa na tarehe mbaya.

Angalia tena: katika kisa hiki chote hakuna aliyetunga uongo. Mwandishi wa 2002 aliandika kweli. Kilichopotea ni tarehe tu, na ilipopotea, ukweli wa 2002 ukageuka uongo wa 2008.

Mbio za upya

Je, injini za utafutaji zilirudi nyuma baada ya hapo? Hapana, ziliongeza mwendo. Juni 2010 Google ilizindua faharasa mpya iliyopewa jina la Caffeine. Badala ya kujenga tabaka kubwa kila baada ya wiki mbili hivi, roboti zikawa zinaongeza kurasa kidogokidogo bila kusimama. Kampuni ilisema matokeo yalikuwa mapya kwa asilimia 50 kuliko ya faharasa iliyotangulia.

Novemba 2011 ikatangaza badiliko la kanuni za kupanga matokeo ambalo ilisema linagusa asilimia 35 hivi ya utafutaji. Lilitenganisha aina tatu za maswali yanayohitaji upya. Kuna matukio ya sasa, kama ghasia au ajali. Kuna mambo yanayojirudia, kama uchaguzi au Olimpiki: ukiandika "Olimpiki" bila mwaka, bila shaka unataka zijazo au zinazoendelea, si za 1980. Na kuna mambo yanayobadilika mara kwa mara bila kuwa tukio, kama simu ipi ni nzuri kununua.

Kwa hiyo jibu la swali letu la mwanzo ni hili: tarehe haina uzito mmoja kwa kila ukurasa. Uzito wake unatoka kwenye swali. Mapishi ya pilau ya mwaka 2009 hayana sababu ya kushuka, maana pilau haijabadilika. Bei ya dola ya jana tayari imechacha. Anayeuliza "tarehe inasaidia ukurasa kupanda?" inabidi aulizwe kwanza: "ukurasa wa kujibu swali gani?"

Kupaka rangi nyumba ya zamani

Wenye tovuti wengi, hata hivyo, walisikia neno moja tu: "upya". Ikazuka biashara ya kubadilisha tarehe. Makala ya 2016 inaamka asubuhi ikiwa na tarehe ya leo, huku ndani hata nukta haijaguswa. Wengine huweka mwaka kwenye kichwa cha habari, "mwongozo kamili wa 2024", na kila Januari hubadilisha tarakimu moja.

Sasa kumbuka ile hataza: alama ya tarehe ikibadilika peke yake, inaweza kupuuzwa. Injini ina nakala ya ukurasa wa jana. Inaweza kulinganisha. Mwaka 2019 Google ilitoa maelekezo kwa wenye tovuti kuhusu tarehe, ikasema haitegemei ishara moja kwa sababu ishara yoyote inaweza kukosewa. Ikawataka waonyeshe tarehe waziwazi, waiandike pia kwenye msimbo wa ukurasa kwa namna ambayo mashine inaisoma, tarehe ya kuchapisha kivyake na ya kurekebisha kivyake, na wasiupe ukurasa sura ya upya bila kuongeza jambo la maana.

Wengine walikwenda njia nyingine kabisa. Agosti 2023 iliripotiwa kwamba tovuti ya habari za teknolojia ya CNET ilifuta maelfu ya makala zake za zamani, kwa imani kwamba zinaishusha kwenye matokeo. Google ikajibu hadharani kuwa kufuta kitu kwa sababu tu ni cha zamani si jambo linalosaidia. Maelfu ya kurasa za historia ya teknolojia, kumbukumbu ambazo mtafiti wa kesho angezihitaji, zikaondolewa kwenye tovuti kwa kuhofia tarehe.

Kuna waliofanya kinyume. Gazeti la The Guardian la Uingereza liliona makala zake za zamani zikisambazwa kwenye mitandao ya kijamii kama habari za leo. Mwaka 2019 likaanza kuonyesha umri wa makala kwa maandishi yanayoonekana vizuri kwenye ukurasa, na kuweka mwaka kwenye picha inayotokea pale mtu anaposambaza kiungo. Halikuficha uzee wa makala. Liliutangaza.

Wewe na kidole chako

Turudi kwenye ule mkopo. Ukitafuta jambo kwa Kiswahili, hatari ya ukurasa wa zamani kukaa juu ni kubwa zaidi kwa sababu nyepesi: injini hupanga ilichonacho. Mada yenye kurasa elfu moja ina mpya wa kumpiku mkongwe. Mada yenye kurasa nne haina, na tangazo la miaka mitatu iliyopita litabaki pale juu kwa kukosa mpinzani.

Kwa hiyo jijengee mazoea machache. Tarehe unayoiona ichukulie kama kauli ya shahidi, si hukumu. Tafuta tarehe nyingine ndani ya maandishi: wametaja waziri gani, bei gani, mwaka gani wa masomo? Kama ukurasa una tarehe moja tu, na ni ile ya juu kabisa inayofanana na ya leo, shtuka, maana hiyo ndiyo iliyoiponza United. Tarehe kama 09/07/2008 iangalie mara mbili: kwetu ni tarehe 9 Julai, kwa Mmarekani ni tarehe 7 Septemba. Kwenye Google unaweza kuongeza neno *after:* likifuatiwa na mwaka ili kupunguza kurasa za kale, ingawa nayo hutegemea tarehe ambayo injini inaiamini. Na ukishuku kuwa ukurasa umepakwa rangi, ingia Wayback Machine ya Internet Archive, shirika linalohifadhi nakala za kurasa tangu 1996, uone ulivyokuwa mwaka jana.

Na kama wewe ndiye unayeandika, iwe ni tangazo la klabu ya chuo au maelezo ya kujiandikisha, andika tarehe kamili, pamoja na mwaka. Usiandike "mwisho ni Ijumaa ijayo". Ijumaa ijayo hukaa kwenye intaneti miaka mingi, na kila anayeisoma anadhani ni ya kwake.